Funguo za Bi Mwanamkisi na Vyoo Vinane Nilivyokosea

Leo ni Jumatatu, tarehe 24 Novemba 2025. Ni miaka kumi na mmoja na miezi tisa tangu nilipotoka kwetu Emuhaya, na miaka tisa na nusu tangu nilipoanza kazi ya ujenzi hapa Lamu, katika Chuo Kikuu cha Utafiti cha Mikokoni. Hiyo yangu si hesabu ya kusomewa watu. Hesabu ya kusomwa ni hii: Ijumaa ya wiki hii, tarehe 28, Bi Mwanamkisi Famau, mkuu wa usafi, anastaafu baada ya miaka thelathini ya kutumikia chuo hiki. Hakuna mtu mwingine, awe profesa au mlinzi, aliyekaa hapa muda mrefu kama yeye.

Bi Raihana wa ofisi ya habari alitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye digrii. Bi Mwanamkisi akakataa. Alisema, "Mpeni Jabez wa ujenzi. Skuli hakumaliza, kwa hivyo hana maneno ya kunipamba." Basi mkiona sentensi zangu zimekaa kama mawe yasiyochongwa, mjue zimeagizwa hivyo.

Wafanyakazi wapya huona majengo haya yote wakadhani yalishuka pamoja. Chuo kilianza mwaka 1995 kama kituo cha kuchunguza mikoko, ndani ya nyumba moja ya mawe nyuma ya Wiyoni, kwenye njia ya kwenda Matondoni. Nyumba ilikuwa ya babake Profesa Jeilani, marehemu mwanzilishi wetu. Ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja cha darubini, kimoja cha vitabu, na kimoja ambamo Profesa alilala juu ya mkeka, miguu ikigusa makasha ya majani makavu. Bi Mwanamkisi alikuwa na miaka thelathini. Alizaliwa Mbwajumali, kule kisiwani Pate, akaolewa Wiyoni. Profesa alimkuta akifagia mbele ya nyumba ya jirani, akamwomba afagie na kwake. Akampa funguo tatu.

Leo funguo ni mia moja na arobaini. Kuna maktaba, maabara ya maji, maabara ya udongo, mabweni mawili, na ukumbi ambao mapazia yake bado hayajafika. Vyumba vile vitatu vya mwanzo bado vipo katikati ya kampasi, na cha darubini tunakiita Chumba cha Kwanza. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, dari ni ya boriti. Kila ufunguo umepita mkononi mwa Bi Mwanamkisi. Hana daftari la funguo. Zimefungwa kwa vitambaa vya leso kuukuu, kila jengo na leso yake, na ukimwomba ufunguo wa maktaba gizani atakupa wa maktaba.

Kuna kisa cha mwaka 1997 ambacho wazee wa hapa hawachoki kukisimulia. Profesa alileta ndoo tisa za tope kutoka chini ya mikoko, akazipanga barazani, akaenda kuoga. Bi Mwanamkisi alipofika aliona uchafu. Akazimwaga zote tisa, akaziosha ndoo, akazianika juani. Ilikuwa kazi ya miezi minne. Mtu mwingine angetulia na kusubiri lawama imtafute. Yeye alipoambiwa na mpishi kwamba lile tope lilikuwa utafiti, alikwenda saa hiyo hiyo hadi mlango wa bafu, akasema kwa sauti, "Profesa, toka. Nimemwaga elimu yako." Kisha akaingia naye katika mikoko maji yalipokupwa, siku tisa mfululizo, akajaza ndoo kwa mikono yake. Tangu siku hiyo kila kitu chuoni kina karatasi yenye jina, hata ndoo za tope, na sababu ni yeye.

Hakuwa mtu rahisi. Nasema hivyo kwa sababu aliniamuru nisimpake sukari. Naibu Chansela aliwahi kusimamishwa nje ya ofisi yake mwenyewe dakika ishirini, viatu mkononi, kwa kuwa sakafu ilikuwa mbichi. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo aliyezoea kuacha vikombe dirishani alivikuta siku moja kitandani kwake, vyote kumi na moja, vimepangwa juu ya mto. Wasichana wa usafi walimwogopa, lakini mmoja wao akifiwa au akijifungua, wa kwanza kufika alikuwa yeye, na hakuja mikono mitupu.

Sasa nafika mahali palipo pagumu.

Mwezi wa Mei mwaka huu, wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili tulitia sahihi ombi kwamba Chumba cha Kwanza kipewe jina lake kabla hajaondoka. Tulitaka kibao kidogo tu kando ya mlango. Mwezi wa Julai ofisi ikajibu kwamba haiwezekani. Kanuni ya chuo inasema hakuna mlango unaopewa jina la mtumishi mwenye barua ya onyo katika faili lake, na katika faili la Bi Mwanamkisi ipo barua moja, ya Januari 2017. Barua hiyo inasema alifunga vyoo vipya vya wanawake bila idhini na kuharibu utafiti wa matumizi ya maji. Wengi mlishangaa, mkanyamaza. Mimi sikushangaa. Najua barua hiyo ilitoka wapi, kwa sababu kosa lililoizaa nililifanya mimi.

Mwaka 2016 nilikuwa na miezi mitatu tu hapa. Tulikuwa tukijenga vyoo vinane vya wanawake karibu na maabara ya maji. Msimamizi wetu, Bwana Sadiq, alijaliwa kwenda Hija mwezi wa Agosti, akaniachia ramani na kazi ya kuweka masinki ya kuchuchumaa. Ramani ilionyesha yatazame magharibi. Mimi nikaona kwamba nikiyageuza yatazame kaskazini, nitaokoa mita sita za bomba. Nikayageuza yote manane. Sikuuliza mtu. Nilijiona fundi mwenye akili, na nilikuwa nikingojea Bwana Sadiq arudi anisifu.

Wenyeji wanajua tayari nilichofanya. Kwa wageni kama nilivyokuwa mimi, nieleze. Mwislamu akienda haja haelekei kibla wala haipi mgongo, na kutoka Lamu kibla ni kaskazini. Nilikuwa nimejenga vyoo vinane ambavyo hakuna mwanamke wa hapa angeweza kuvitumia kwa moyo mweupe.

Bwana Sadiq alirudi akiwa Alhaji, lakini vyoo vilikuwa vimeshafunguliwa na ni vya wanawake, kwa hivyo hakukanyaga ndani. Ofisi nzima ya ujenzi ilikuwa ya wanaume. Mwanamke gani angetufuata kutuambia jambo kama hilo? Kila mmoja aliingia, akatazama, akatoka, akatembea hadi vyoo vya zamani nyuma ya maktaba. Nasikia waliobanwa sana walijikunja upande upande kama ngalawa iliyopigwa na wimbi. Hakuna aliyesema. Kila mmoja alidhani mwingine ameshasema.

Na hapo ndipo utafiti ulipoingia. Dakta Fadhil wa maabara ya maji alikuwa ameweka mabomba ya kupunguza maji katika vyoo vile, na mita kwenye ukuta wa nje. Kila Jumatatu alisoma mita. Wiki ya kwanza maji yalikuwa machache. Wiki ya sita yalikuwa machache zaidi. Dakta alifurahi sana. Ni mtu wa mji wa kale, mwenye adabu zake, na aliona haya kumuuliza mwanamke yeyote anavyotumia choo. Akaiamini mita. Kufika Desemba alikuwa ameandika ripoti kwamba mabomba yake yamepunguza matumizi ya maji kwa sehemu tisa katika kumi, na mwezi wa Januari ingesomwa mbele ya wageni kutoka vyuo vinne.

Aliyegundua ni mtu wa ufagio. Bi Mwanamkisi aliona sabuni alizoweka Oktoba bado zina maandishi ya kiwandani. Aliona sakafu haichafuki. Kwanza alidhani wasichana wake wamekuwa hodari. Kisha akakuta buibui amejenga kutoka bomba hadi ukuta, akasimama mlangoni akatazama vizuri.

Alinitumia mtu asubuhi moja ya Desemba, chuo kikiwa kimeshafungwa. Nikaja na kamba begani. Alikuwa mbele ya choo cha kwanza, mikono kiunoni.

"Jabez, jua latoka wapi?"

Nikamwonyesha mashariki.

"Na kibla?"

Nikasema sijui. Sisi kwetu kanisani hatuna kibla.

Akaninyooshea kidole kaskazini, kisha akakishusha polepole hadi kwenye sinki langu. Alinieleza kwa maneno machache. Nikaiweka kamba chini. Yeye akaendelea, "Hata punda wa Matondoni wakifungwa siku mbili hujua ndia ya kurudi kwao. Wewe una ramani mkononi, umewaelekeza wana wa watu huku! Umekaa miezi mingapi hapa? Hukuona misikiti yetu yatazama wapi?"

Nikamwambia ukweli wa bomba na zile mita sita. Nikamwambia pia kwamba nyumbani nina mke, Keziah, na watoto watatu, na kwamba nikifukuzwa Lamu sina pengine pa kwenda. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Waweza kuvigeuza?"

"Naweza, Bi."

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili."

Akafunga milango yote minane. Akazifunga funguo katika pindo la leso yake, akaandika kwa mkono wake karatasi ya kusema vyoo vinakarabatiwa. Kwa siku kumi na moja nilivunja na kujenga upya, na kila siku alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa kuhakikisha hakuna anayeingia. Adhuhuri aliniletea wali. Hakunisemesha hadi siku ya tano, na siku hiyo alisema tu, "Hiki cha tatu kimepinda."

Kilikuwa kimepinda kweli.

Nilipomaliza, milango iliendelea kufungwa ili saruji ikauke, na ripoti ya Dakta Fadhil ilibaki. Bi Mwanamkisi hakukubali isomwe. Siku mbili kabla ya wageni kufika alikwenda ofisini kwake. Mimi nilikuwa nje nikirekebisha bawaba ya dirisha, nikasikia kila neno.

"Daktari, mita yako haisomi maji. Yasoma haya za watu. Vile vyoo havikutumiwa."

"Havikutumiwa tangu lini?"

"Tangu vilipofunguliwa."

"Kwa nini, Bi Mwanamkisi?"

Bawaba ilikuwa mkononi mwangu, na bisibisi. Ningeweza kuweka kichwa dirishani nikasema. Dirisha lilikuwa wazi.

"Vimefungwa," alisema. "Funguo ninazo mimi."

Kamati ilipomwita alirudia hayo hayo. Wakamuuliza nani alimwamuru kufunga. Akasema hakuamriwa na mtu. Wakamuuliza kama anajua ameharibu utafiti. Akasema, "Funguo ni zangu. Niandikieni mimi." Hakukuwa na neno moja la uongo katika alilosema, na kamati iliamini kwamba alivifunga tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halikuwa. Ripoti ikaondolewa, Dakta akafedheheka, barua ya onyo ikaandikwa. Cheo cha mkuu wa makazi, ambacho kila mtu alijua kilikuwa kikimngojea yeye, kikapewa mwingine miezi miwili baadaye.

Mimi nilinyamaza. Mwaka wa kwanza niliogopa. Mwaka wa pili nilijiambia jambo limepita. Baada ya hapo sikuwa na sababu yoyote. Nilizoea tu, kama mtu anavyozoea jiwe dogo kiatuni. Kila nilipopita pale, nilihesabu milango minane.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nikipaka Chumba cha Kwanza chokaa kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa. Bi Mwanamkisi akaja, akasimama kizingitini. Hakuingia, maana sakafu ilikuwa mbichi, na yeye sheria yake humshika hata mwenyewe.

"Nasikia umeanza kuniandika."

"Ndiyo, Bi."

"Andika kwamba sikupenda watu wa viatu vya tope. Yale mengine yamezikwa, yaache tini yaliko."

"Yale mengine ndiyo yaliyokunyima huu mlango."

"Huu mlango nimeufungua na kuufunga miaka thalathini. Wataka niuvae shingoni?"

Sikucheka, ingawa alitaka nicheke. Nilimwambia, "Bi, wewe ulipomwaga tope la Profesa ulimwendea bafuni hata hajajifuta maji. Mimi ni mwaka wa tisa."

Akatazama dari muda mrefu, boriti moja baada ya nyingine, kana kwamba anatafuta utando wa buibui.

"Wana wako wamemaliza skuli?"

"Amebaki mmoja."

"Basi ngoja huyo mmoja."

"Akimaliza, wewe utakuwa huko Wiyoni, na barua itakuwa bado ndani ya faili."

Akavuta leso yake mabegani. Kisha akasema, "Haya. Lakini usinifanye walii. Nilikutukana siku ile. Andika na hilo."

Nimeandika. Alinitaja pamoja na punda wa Matondoni, na punda wakatoka na heshima kuliko mimi.

Alasiri hiyo hiyo nilipeleka barua kwa Msajili. Nimeeleza ramani ilivyosema, nilivyogeuza, na nani alifunga milango, lini, na kwa nini. Vipande vya masinki ya zamani bado viko nyuma ya karakana, na saruji niliyoyashikia yakitazama kaskazini bado iko juu yake kwa anayetaka kuona. Kesho yake, Ijumaa, nilimwendea Dakta Fadhil pia. Akauliza kama kweli nilikuwa nje ya dirisha wakati wote ule. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Miaka tisa nimekuwa nikimsalimia yule mama kwa ubaridi." Akachukua kofia yake akatoka. Nilimwona akielekea upande wa Wiyoni.

Msajili hajajibu. Huenda nitakapomaliza kuandika haya sitakuwa tena mfanyakazi wa hapa, na kama ni hivyo sitalalamika. Ramani ilikuwa sahihi.

Bi Mwanamkisi, kwa niaba ya wenzako wa ufagio, wa jembe, wa nyundo na wa vitabu: asante. Asante kwa sakafu ulizotukataza kuzikanyaga. Asante kwa wali wa siku kumi na moja. Ulifungua kituo cha vyumba vitatu na unakabidhi chuo kikuu, na katikati ya hayo ulifunga milango minane ili mgeni mmoja asifungiwe wake. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, akupe wajukuu watakaovua viatu bila kuambiwa, na asubuhi ambazo hakuna anayekuita kwa sababu ya ufunguo. Nenda ukakae. Tutajitahidi tusichafue.

Mimi Jumamosi, tarehe 29, naenda nyumbani Emuhaya. Nina likizo ambayo sijawahi kuichukua yote. Nimemaliza kuta za Chumba cha Kwanza, isipokuwa kipande kimoja upande wa kulia wa mlango, upana wa kibao kidogo, ambacho nimekiacha bila chokaa. Naomba asikiguse mtu. Nitarudi Jumatatu, tarehe 5 Januari, nikiwa na kazi au sina, ili nikimalize.